Chungu Kilichouliza Tu

Paukwa!

— Pakawa!

Hee, mmeitika kama wenye mihogo mdomoni. Paukwa!

— Pakawa!

Haya, ndiyo hivyo. Sogeeni, lakini msinitazame usoni, nitasahau. Nimezoea kumsimulia mwanangu peke yake, naye husinzia kabla sijafika katikati. Tazameni moto. Kiondo, ondoa mguu kwenye jivu. Saumu, mpakate mdogo wako.

Zamani, zamani ile ambayo vyungu vilisema na hakuna aliyeshangaa, palikuwa na kijiji cha wafinyanzi chini ya mlima.

— Vyungu vilisema, mama?

Vilisema, Kiondo. Chungu kizima kilisema maneno machache tu: nipe maji, niepue, nifunike. Chungu chenye ufa ndicho kilichosema mengi.

Katika kijiji hicho walikaa wanawake wawili, Nakiete na Mkunde. Walikuwa marafiki wa kushibana. Mmoja akipika mlenda, mwenzake ana bakuli lake pale. Mmoja akisukwa nywele, mwenzake ndiye aliyeshika kitana. Na kazi yao ilikuwa moja, waliigawana.

Nakiete alikuwa na mgongo wa nguvu. Yeye alikwenda shimoni kuchimba udongo, na porini kutafuta kuni na nyasi za kuchomea. Mkunde alikuwa na vidole vyepesi. Yeye alikaa uani akifinyanga, akilainisha kwa kokoto, akipima mdomo wa kila chungu kwa uzi ili kifuniko chake kisipwaye. Uzi ukifika mwisho wa kipimo, anatia fundo.

Siku ya kuchoma, Mkunde alivipasha vyungu kando ya moto kwanza, taratibu, akivigeuza kama mtu anayeota jua. Kisha vikaingia motoni. Vikitoka na kupoa, walikaa wote wawili, wakavigonga kimoja kimoja kwa kifundo cha kidole. Chungu kizima huitika: ngeee! Chungu chenye ufa huitika: pwa. Haya, kikiwa kizima?

— Ngeee!

Kikiwa na ufa?

— Pwa!

Cha pwa hakikuuzwa. Kilitwangwa kikawa unga, na unga ule ukachanganywa na udongo mbichi, kwa sababu udongo uliotiwa unga wa vigae haupasuki motoni. Hakuna kilichotupwa, na hakuna chungu ambacho hakikugongwa.

Isipokuwa kimoja.

Mama yake Nakiete, kabla hajafa, alifinyanga chungu chake cha mwisho, kidogo, chenye shingo ndefu. Nakiete alikiweka kichwani pa kitanda, akatia humo mbegu za maboga. Hakukigonga hata siku moja. Utagongaje kitu cha mama yako?

Siku moja Mkunde alikiinua kwenye mwanga wa mlango, akasema, "Shoga, hiki kina ufa. Tukitwange, tukitie kwenye udongo. Mama awe ndani ya kila chungu chetu."

Nakiete akasema, "Kiache. Ni cha mama."

Mkunde akakiacha. Yakaisha. Yaliisha kwa Nakiete, yaliisha kwa Mkunde. Kwa chungu hayakuisha.

— Kilisikia?

Kilisikia, Saumu. Na kilikuwa na masikio mawili, ya kushikia. Mtu anataka kukutwanga, utamsahau?

Basi. Mwaka ule wote wawili walipata mimba, na wote wawili walijifungua mwezi mmoja. Nakiete alipata binti, akamwita Kadege. Mkunde alipata mtoto wa kiume. Mtoto yule alikaa siku saba, akaondoka.

Msiulize alikwenda wapi. Mkunde mwenyewe hakuuliza. Alijifunga kitambaa kifuani ili maziwa yakauke, akarudi uani kufinyanga.

Na jambo moja dogo, mniwekee, nitalirudia. Siku moja kisimani wanawake walimcheka mwenzao aliyekaukiwa maziwa. Walimwita Kigae. "Kigae, hebu tukamue tuone!" Nakiete alicheka pamoja nao, akashika ubavu kwa kucheka. Mkunde alikuwapo. Alimwona akicheka.

Sasa, shimo la udongo si mahali pa mtoto mchanga. Ukingo wake huporomoka bila kupiga hodi. Na waume zao walikuwa mbali machungani na mifugo, hawarudi mpaka mvua. Kwa hiyo kila asubuhi Nakiete alimnyonyesha Kadege, akampa Mkunde, akasema, "Mwangalie mwenzako." Akaenda. Adhuhuri akarudi.

Siku ya siku, Nakiete alirudi na mzigo wa udongo kichwani. Jua limempiga, hajala tangu asubuhi. Akaketi, akampokea mwanawe, akampa ziwa. Kadege akageuza uso. Akampa upande wa pili. Kadege akageuza uso. Kisha akacheua, akalala.

"Shoga," Nakiete akauliza, "mtoto amekula nini?"

Mkunde alikuwa ameinamia chungu. Hakuinua kichwa. "Hajala kitu. Alikuwa amelala tu."

Nakiete akamchukua mtoto, akaingia ndani. Na pale kichwani pa kitanda, chungu kikafungua mdomo:

"Nakiete, Nakiete! Mtoto asiyekula, anacheua nini?
Asiye na mwana, anamwimbia nani?
Mimi sisemi. Nauliza tu."

"Nyamaza," akasema Nakiete. "Mkunde ni ndugu yangu."

"Nimenyamaza," chungu kikasema.

Lakini neno lilikuwa limeshaingia. Jioni ile Mkunde alileta bakuli la mlenda kama kawaida. Nakiete alilipokea, akalinusa kwanza.

— Mimi pia nisingekula. Huyo Mkunde simwamini.

— Mimi simwamini chungu!

Saumu na Kiondo, mtabishana hadithi ikiisha. Tuendelee.

Yakapita magulio mawili, wiki mbili za soko. Nakiete alikwenda shimoni, alirudi kutoka shimoni. Lakini sasa akiwa njiani aligeuka nyuma mara tatu, mara nne. Akimkabidhi Mkunde mtoto, hakusema tena "mwangalie mwenzako." Alisema, "Usimpe kitu." Mkunde akaitikia, "Haya, shoga," akatazama chini. Na mtu anayetazama chini, jamani, ukishamshuku, hata kope zake zinakuwa mashahidi dhidi yake.

Siku hiyo Nakiete alirudi, akamkuta Kadege amelala kwenye mkeka. Akamwinua. Akaona kitu mkononi, juu ya kiwiko. Uzi. Uzi mweusi umezungushwa mkononi mwa mtoto, na una mafundo. Fundo moja, mawili, matatu.

"Mkunde! Huu nini?"

Mkunde alishtuka, udongo ukamdondoka. Akaja mbio, akaufungua uzi ule, akaukunja kiganjani. "Uzi tu, shoga. Nimeusahau."

"Umeusahau kwenye mkono wa mwanangu?"

"Nilikuwa nacheza naye."

Ulikuwa uzi wa kazi yao, uleule wa kupimia midomo ya vyungu. Nakiete alikuwa ameuona maisha yake yote. Lakini siku ile hakuutambua. Shaka ikikaa kwenye jicho, hata nyumba yako utaiona ya jirani.

Akaingia ndani. Na pale kichwani pa kitanda, chungu kikafungua mdomo:

"Nakiete, Nakiete! Mafundo matatu ya nini?
Mbuzi hufungwa kamba na nani? Na mwenye kumtaka.
Mimi sisemi. Nauliza tu."

Safari hii Nakiete hakukiambia kinyamaze. Aliketi kitandani, akauliza, "Wewe unadhani nini?"

"Mimi? Mimi ni chungu. Ila mama yako alinifinyanga kwa mikono yake miwili, na mama hakuachii kitu kibaya. Nani mwingine atakuambia ukweli humu kijijini?"

Kuanzia hapo Nakiete alizungumza na chungu kuliko alivyozungumza na mtu. Mkunde akimwita, "Njoo tule," anajibu, "Nimeshiba." Mkunde akisema, "Shoga, umekonda, pumzika leo, nitakwenda mimi shimoni," anajibu, "Unataka nini kwenye shimo langu?" Hata bakuli la mlenda alianza kumwagia kuku. Akalala na njaa, akaamka na njaa, akachimba udongo na njaa.

— Na mtoto alinyonya nini?

Eee. Saumu ameuliza. Nakiete hakuuliza.

Haikuchukua muda. Asubuhi moja chungu kikamwambia, "Leo nenda, lakini usifike. Ukifika penye mgunga, geuka. Mimi sisemi utaona nini."

Nakiete akaenda. Akafika penye mgunga. Akatua kapu, akageuka. Alirudi kwa kunyata, amekusanya kanga mkononi isipige kelele kwenye majani. Akafika nyuma ya ua, akaweka jicho kwenye tundu la fito.

Aliona nini?

— Alimwona Mkunde!

Alimwona Mkunde ameketi kwenye kinu kilicholazwa. Kitambaa cha kifuani amekifungua. Amempakata Kadege, na Kadege ananyonya. Ananyonya kwa nguvu, kimkono chake kimeshika shingo ya Mkunde. Na Mkunde anamwimbia:

"Kadege kangu kadogo,
nyonya upate mgongo..."

Nakiete hakungoja wimbo uishe. Kangu! Alisukuma ua, fito zikavunjika. Akamnyakua mtoto ziwani. Kadege akapiga yowe.

"Kadege kako? Kako toka lini?"

"Shoga, nisikilize..."

"Hajala kitu, alikuwa amelala tu! Uzi tu! Nilikuwa nacheza naye! Ulikuwa unanicheka ndani ya uwanja wangu!"

"Nakiete, ungekaa nikueleze..."

"Unieleze nini? Wako umemzika, sasa unataka wangu!"

...

Kuna neno ambalo ukilitoa, wewe mwenyewe unalisikia likianguka.

Mkunde alifunga kitambaa chake kifuani, akakaza. Akachukua kokoto yake ya kulainishia, akaifunga kwenye pindo la kanga. Uzi aliutoa, akauweka juu ya jiwe la kusagia.

"Mpime mwenyewe," akasema. Akatoka. Akavuka kilima, akaenda kukaa kwenye nyumba ya marehemu shangazi yake, mwendo wa nusu siku.

Nakiete akanyoosha mkono auchukue uzi. Chungu kikapiga kelele kutoka ndani, "Usiuguse! Unajua umefungwa nini?" Akaurudisha mkono.

Sasa Nakiete alikuwa na mtoto wake, peke yake, hakuna wa kumwibia. Je, alifurahi?

— Hakufurahi.

Siku ya kwanza Kadege alinyonya, akalia. Nakiete akasema, "Anamlilia yule. Atasahau." Siku ya pili Kadege alinyonya, akaachia, akanyonya, akaachia, akalia mpaka sauti ikakwama. Nakiete akasema, "Ni meno." Mtoto wa miezi mitatu, meno!

— Si angempa maziwa ya mbuzi?

Mbuzi walikwenda machungani, Kiondo, nilisema. Na jirani hakumwomba. Angemwambiaje? Angewaambia waliocheka kisimani kwamba yeye sasa ndiye Kigae?

Siku ya tatu Kadege hakulia sana. Mnisikilize vizuri, ninyi mtakaolea watoto: mtoto anayelia ana nguvu. Anayenyamaza na njaa yake, huyo mwogope.

Nakiete naye aliogopa, lakini hakujua anaogopa nini. Mtu akiogopa hushika kazi. Uani palikuwa na vyungu alivyoacha Mkunde, vimekauka, vinangoja moto. Akasema, "Nitavichoma mwenyewe. Nani kasema nahitaji mtu?" Akamfunga Kadege mgongoni, akakitoa chungu cha mama akakiweka kando yake, kwa sababu hakuwa na mwenzi mwingine wa kuzungumza naye. Akapanga kuni, akatia moto. Hakuvipasha vyungu kwanza. Nani angevipasha? Hiyo ilikuwa kazi ya vidole vyepesi. Alivitia vyote motoni kama vilivyo.

Moto ukawaka, ukalala. Vyungu vikapoa. Nakiete akachuchumaa, akaanza kugonga.

Cha kwanza?

— Pwa!

Cha pili?

— Pwa!

Cha tatu?

— Pwa!

"Amekuroga!" chungu cha mama kikasema. "Nakiete, Nakiete! Vyungu vyake mwenyewe, vimepasukaje? Nani aliyevishika mwisho? Mimi sisemi..."

Nakiete hakuinua macho. Mkono wake ulikuwa kwenye kazi, na mkono wa mfinyanzi ukianza kugonga haubagui. Cha sita, pwa. Cha saba, pwa. Ukafika cha mwisho kwenye mstari, kile chenye shingo ndefu. Ukakigonga.

Pwa.

Nakiete akasimama na kidole hewani. Akakigonga tena.

Pwa.

"Na wewe," akasema polepole.

"Mimi ni wa mama yako!"

"Na wewe una ufa."

"Mama yako alinifinyanga kwa mikono yake miwili!"

"Mikono hiyohiyo ndiyo iliyonifundisha kugonga," Nakiete akasema. "Nimegonga vyungu vya watu, vya wateja, vya Mkunde. Wewe nimekuweka kichwani pangu, nikayabeba maneno yako yote, na sijawahi kukugonga."

Chungu kikataka kuuliza. Hakuna aliyekisikiliza. Nakiete alikuwa amekwenda kwenye jiwe la kusagia. Aliuchukua uzi. Haukumng'ata. Ulikuwa uzi tu, uzi wa kupimia, na sasa aliutambua. Sasa ulikuwa na mafundo manne. Akamshusha Kadege mgongoni, akauzungusha mkononi mwake, juu ya kiwiko.

Fundo la kwanza lilikuwa karibu na ncha. Mkono mwembamba, mwembamba kama kijiti cha kifagio: hivyo ndivyo mwanawe alivyokuwa, siku ambazo yeye aliona yuko sawa. Fundo la pili lilikuwa mbele kidogo. La tatu mbele tena. La nne mbele zaidi. Fundo moja kila gulio. Mtu alikuwa amekaa hapa uani, gulio baada ya gulio, akipima kama mtoto ananenepa.

Nakiete akavuta uzi ulale vizuri. Mkono wa Kadege haukufika fundo la nne. Haukufika la tatu. Ulikuwa umerudi kwenye la pili.

Hakulia. Hakuwa na muda wa kulia. Alimfunga mtoto mgongoni, akaukamata uzi, akakimbia.

Alipanda kilima, hakupumzika. Alishuka kilima, hakupumzika. Kadege mgongoni hakusema kitu. Nakiete akamwita njiani, "Kadege!" Kimya. "Kadege, mwanangu!" Kadege akasogeza kidole. Nakiete akakimbia tena.

Jua lilikuwa linaelekea kushuka alipofika kwenye nyumba ya shangazi. Mlango umefungwa.

"Hodi! Hodi hapa! Mkunde!"

Ndani kukasikika mkeka ukilia, kisha sauti. "Umekuja kufanya nini? Mwizi hatembelewi."

"Nifungulie, dada yangu."

"Nikifungua utasema nini kesho? Nimemtia dawa? Nimemfunga kamba?" Mkunde naye sasa alikuwa anashuku. Shaka ni kama upele, huupati peke yako. "Umekuja na nani? Umekuja na wanawake wa kisimani wanizomee?"

"Nimekuja na Kadege. Amerudi fundo la pili."

Ndipo komeo likavutwa. Mkunde akasimama mlangoni. Macho yake yamevimba, na kitambaa kifuani kimekazwa. Akamtazama mtoto mgongoni, mikono yake ikaondoka yenyewe, kisha akairudisha nyuma.

Nakiete akapiga magoti pale kizingitini. Akaushika mkono wa Mkunde, akakikunja kidole chake, akauweka mkono ule kifuani mwake yeye mwenyewe. "Nigonge," akasema.

"Nakiete..."

"Nigonge usikie. Wewe unajua kazi."

Mkunde akamgonga kidogo, juu ya mfupa. Akasikiliza. "Una ufa," akasema.

"Ninao. Nilikuambia neno ambalo hata kwa adui halisemwi. Silifuti, halifutiki. Lakini usimnyime huyu kwa ajili yangu."

"Na mimi nina ufa wangu," akasema Mkunde. "Nilikudanganya. Nilimwona mtoto anakwisha, nikataka kukuambia. Nikakumbuka ulivyocheka kisimani. Nikasema, nikimwambia hana maziwa atakufa kwa aibu. Na nikaogopa. Mwanamke aliyezika, akisema 'nipe mwanao nimnyonyeshe', nani atamwamini?"

"Mimi ningekuamini."

Mkunde akamtazama.

"Hapana," Nakiete akasema. "Kweli, nisingekuamini. Mpokee mtoto, dada, tutagombana baadaye."

Mkunde akaketi palepale kizingitini, akafungua kitambaa. Siku tatu alikuwa amejikaza. Kadege akawekwa ziwani. Akafungua mdomo, akaufumba. Hana nguvu. Mkunde akakamua. Hakuna. Akakamua tena. Hakuna. Nakiete amemshika mtoto miguu. Mkunde akaanza kuimba, polepole, na safari hii Nakiete alikuwapo mpaka mwisho:

"Kadege kangu kadogo,
nyonya upate mgongo,
mama yu kwenye udongo,
atarudi na mzigo."

Nakiete akauliza, "Mama yupi?"

"Mama yake," akasema Mkunde. "Wewe. Unadhani nilikuwa namwambia nini kila siku?"

Hapo ndipo Nakiete alipolia. Na hapo ndipo, tone moja, matone mawili, maziwa yakaja. Kadege akalamba. Akalamba tena. Kisha kikasikika kitu kidogo sana kooni mwake: gku.

— Gku!

Gku. Akameza.

— Akapona?

Akapona, Saumu, lakini si siku ile. Walikaa pale siku tano. Mkunde alimnyonyesha mtoto, na alimpikia mama wa mtoto uji wa ulezi, akasimama juu yake mpaka bakuli likaisha. "Kunywa. Usininusie uji wangu!" Nakiete akacheka, uji ukampalia. Akala, akalala, akala tena, na maziwa yake yakarudi. Kadege akawa ananyonya kwa wote wawili, na mkono wake ukafika tena fundo la tatu.

Wakarudi nyumbani. Chungu chenye shingo ndefu kilikuwa palepale uani.

"Nakiete, Nakiete!" kikaanza. "Umerudi naye? Na huyo mtoto, sasa atamwita nani mama? Mimi sisemi. Nauliza..."

"Ni swali zuri," akasema Nakiete. "Atatuita wote wawili."

Akamimina mbegu za maboga kwenye ungo. Akakiweka chungu kwenye kinu. Mkunde akasema, "Una uhakika? Ni cha mama." Nakiete akampa mchi mmoja, akashika wa pili. "Ulisema awe ndani ya kila chungu chetu."

Wakatwanga. Mmoja akiinua, mwenzake anashusha. Mimi-si-se-mi, mimi-si-se-mi, kisha ikawa sauti ya mchi tu. Unga wake wakauchanganya na udongo mbichi, wakafinyanga chungu kidogo cha uji wa Kadege. Mkunde alikipasha kando ya moto kwanza. Nakiete alikichoma. Kilipopoa, walimpa Kadege akigonge mwenyewe kwa kakidole kake.

— Ngeee!

Ngeee! Kadege akacheka, mara ya kwanza tangu azaliwe.

Na tangu siku ile vyungu havisemi. Viliona yaliyompata mwenzao. Sasa chungu hungoja ugonge, ndipo kiitike, na hakiitiki ila ukweli wake.

Basi, wanangu. Mtu akija kukuambia neno juu ya rafiki yako, hata kama ni mtu wa nyumbani, hata kama umempokea kwa mama yako, usilibebe kabla hujaligonga. Muulize rafiki yako usoni. Na wewe unayependa mtoto wa mwenzako, usimpende kwa kificho. Mwambie mama yake, hata kama ni aibu. Aibu hupita. Mtoto akipita harudi.

Kiondo, unakwenda wapi? Acha kugonga sufuria, hiyo ni bati, itakuitikia uongo. Gonga kile cha maharage, pale. Umesikia? Ni kizima.

Basi nimeiepua hadithi yangu, imeishia hapo. Aliyeshiba alale, na aliyebakiwa na njaa ajitokeze aseme.